Aliniambia la Chumbani, Nikamjibu la Chumvi

Asalaam aleikum, Bi Mshauri.

Mimi ni muuguzi, mwanamke wa miaka 31, nimeolewa. Nafanya kazi katika zahanati ya kijiji kimoja cha visiwani hapa Lamu, na kijiji chenyewe ndicho nilichozaliwa. Kwa hivyo nikisema wagonjwa wangu, elewa kwamba nasema mashangazi zangu, walimu wangu wa madrasa, na wazee walionijua nikitumwa dukani peku. Wengine wangeona hiyo ni neema. Kwangu imekuwa mtihani.

Siku ya kliniki ya sukari na presha, yaani Alhamisi, huja mzee mmoja. Nitamwita Ami, maana ndivyo ninavyomwita. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, wakiunda majahazi pamoja. Miezi mitatu iliyopita nilimpima, nikamwandikia dawa zake, akasimama kama anayetoka, kisha akaketi tena. Akatazama mlango. Akaniambia, "Mwanangu, tangu nianze dawa hizi, nyumbani nalala kama mgeni." Bi Mshauri, nilielewa. Nani asingeelewa? Lakini masikio yaliniwaka moto. Nikainamia daftari nikamwambia, "Ami, punguza chumvi. Na ng'onda uache kwanza." Akasema, "Haya, mwanangu," akavaa kofia yake akaenda zake.

Mwezi uliofuata hakuja. Mkewe ni shoga ya mama, na siku moja alikuja nyumbani nikawasikia wakinong'ona: mzee ameacha vidonge vya presha, anasema ndivyo vilivyommaliza, na sasa kuna tembe anazoletewa kutoka bara ndani ya bahasha, hazina hata jina. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikaendelea kukuna.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Msichana wa miaka 19, hajaolewa, alikuja mara tatu akilalamika tumbo la chini. Sisi hatuna chumba cha faragha. Tuna pazia, na nyuma ya pazia kuna benchi la wanaosubiri. Nilimuuliza lile swali tunalouliza sote, "Umeolewa?" Akasema hapana, na mimi nikaona mambo yameishia hapo. Sikumuuliza kama anatokwa na uchafu. Sikumuuliza mara ya mwisho aliingia mwezini lini. Hata mimba sikumpima. Mara ya kwanza nilimpa dawa ya maumivu, mara ya pili ya minyoo, mara ya tatu ya mkojo mchafu. Baadaye nikasikia amelazwa mbali, maambukizi yamefika kwenye mirija ya kizazi. Alipona, alhamdulillahi, lakini sasa tukikutana njiani hugeuza uso.

Usidhani sikusoma. Chuoni somo hili nililipita vizuri. Lakini tulilisoma kwa Kiingereza, na nikirudi kwenye Kiswahili najikuta na maneno ya aina mbili tu: ya vitabuni, ambayo bibi wa miaka 60 hayajui, na ya vichochoroni, ambayo nikiyatamka nitakuwa nimetukana.

Na mara moja niliyojaribu, iliniponza. Mwaka juzi nilimweleza mama mmoja habari za mipira, taratibu, nikidhani tuko wawili. Haikupita wiki mbili mama mkwe akaniuliza, tukitoka mauludini, kama ni kweli siku hizi nawafundisha wake za watu uhuni. Mume wangu alicheka tu. Mimi tangu siku hiyo nikafunga mdomo.

Sasa kuna muuguzi wa Malindi aliyeolewa huku Lamu, anataka tubadilishane vituo. Unajua kuhama kaunti hadi kaunti kulivyo. Ukipata wa kubadilishana naye ni bahati. Anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Mume wangu ni fundi wa kuchomea vyuma, anasema yeye popote kazi ipo. Malindi sijulikani, na naona mbele ya watu wasionijua nitaweza kusema. Je, niende? Au nitakuwa nimemkimbia Ami na yule msichana? Na wakija kesho kabla sijaondoka, niwaambie nini?

Muuguzi, visiwani Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili polepole, kwa sababu kuna mahali nilijiona mimi. Nilivaa sare hapa Malindi miaka mingi kabla ya kustaafu, na kama wewe una dawa ya minyoo ya yule msichana, mimi nina wanawake wangu niliowapa dawa ya kuchua kiuno wakati kiuno hakikuwa na neno. Sikuambii hivi ili ujisamehe upesi. Nakuambia ujue unazungumza na nani.

Umeniuliza uende au ubaki. Lakini Malindi umeipa mistari michache mwishoni. Wino mwingi umewapa Ami na binti yule. Ninavyokusoma, kinachokuuma ni kwamba watu wawili walikupigia hodi, ukajifanya hauko ndani. Basi nianze nao.

Kilichokuwasha masikio siku ile ni haya, na haya ni kitu kizuri. Lakini hebu tuulizane: kati yenu wawili, nani aliyetangulia kuivuka? Mzee wa rika la baba yako alikusanya maneno, pengine siku nzima, pengine tangu kliniki ya mwezi uliotangulia. Akatazama mlango kwanza. Kisha akalisema kwa fumbo safi ambalo hata mtoto akilisikia halimdhuru. "Nalala kama mgeni." Mimi sioni alipokuvunjia heshima. Wewe unachukulia kwamba kwa kuwa ni mtoto wa rafiki yake, haikufaa. Yawezekana alikuchagua kwa sababu hiyo hiyo, aibu ya nyumba yake ibaki kwa mtu wa nyumbani. Yawezekana pia hakukuchagua, ni wewe tu uliyekuwa zamu. Hatujui, na hakuna wa kutuambia ila yeye.

Lile jibu la chumvi, unadhani alilisikiaje? Nahofia alisikia kwamba hili si ugonjwa, wala zahanati haina kazi nalo. Akamtafuta mtu anayekubali kwamba ni ugonjwa, na huyo ndiye mwenye bahasha.

Haya yafuatayo unayajua, lakini tuna wasomaji wengine barazani. Sukari na presha huharibu mishipa ya damu, na sukari huharibu mishipa ya fahamu pia. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, ndiyo maana mara nyingi hitilafu hujionyesha huko kwanza, na tabibu makini akisikia neno la Ami atataka kujua habari za moyo wake. Tena ni kweli kwamba baadhi ya dawa za presha, hasa aina fulani za kupunguza maji mwilini, zinaweza kuchangia. Ami huenda hakukosea. Alipokosea ni kuziacha kimya kimya, wakati ziko dawa nyingine za kubadilishiwa. Na tembe zisizo na jina ndizo zinazonitisha zaidi, kwa kuwa dawa ya nguvu za kiume ikikutana mwilini na dawa za moyo za jamii ya nitrati, presha huweza kuporomoka hadi mtu akafa. Isiyo na jina hakuna ajuaye ina nini ndani.

Utamfikiaje? Kupitia mkewe ni njia fupi, nami nakuomba uitazame mara mbili. Yale uliyoyasikia ukikuna nazi hukuambiwa wewe. Siku mzee atakapojua kwamba siri ya chumba chake ilipita kwa mkewe, ikafika kwa mama yako, ikaishia zahanati, nani atamwamini tena kati yenu watatu? Kumwendea nyumbani peke yako nako kuna maneno yake, kijiji kina macho. Lakini mgonjwa wa presha aliyekosa kliniki hufuatiliwa, kila mahali, na mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumpelekea salamu tu kwamba siku zake zimepita. Hiyo ni kazi, haina umbea ndani yake.

Akija, mpime. Presha yenyewe itakufungulia mlango. Muulize vidonge vimebaki vingapi, kisha useme kama asemaye na kila mtu: "Wengi huziacha dawa hizi, Ami. Kuna wanaosema zinawapa kizunguzungu, wengine zinawakojoza usiku, wengine zinawasumbua katika unyumba. Wewe ni lipi?" Tatizo lake liweke la tatu, katikati ya wenzake, aliokote mwenyewe. Usimkodolee macho. Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuchoma. Halafu: "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia, ya duka, ya miti, ya kuletewa? Sikulaumu, ni kwamba nyingine hugombana." Hapo hujamtaja mkewe wala bahasha.

Na ukijikaza kidogo, ungeweza kumwambia hivi: "Ami, siku ile uliniambia neno, nikakujibu la chumvi. Nilikusikia." Mimi ningependa kuambiwa hivyo. Yeye simjui, unamjua wewe.

Unaweza pia kumpa hiari ya kuzungumza na mwanamume, kama kuna tabibu mwanamume mnayeweza kumpeleka kwake. Ila liseme baada ya kumsikiliza. Ukilitanguliza, atajua anasukumwa mara ya pili.

Naona umekuwa ukidhani kwamba ukifungua mlango huo utatakiwa umtibu mtu ndoa nzima. Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Annon, aliipanga kazi hii kwa hatua nne. Ya kwanza aliiita ruhusa, mtu aone tu kwamba hapa inaruhusiwa kulisema. Ya pili ni maelezo machache yanayohusu tatizo lake. Ya tatu ni ushauri mahsusi, ya nne ni tiba ya kina ya mtaalamu. Hoja yake ni kwamba watu wengi hawahitaji kufika ya nne. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2015, lilitoa mwongozo unaopendekeza mazungumzo mafupi ya namna hii katika vituo vya kawaida kama chako. Wewe ulikuwa unaogopa hatua ya nne, Ami alikuwa bado anabisha hodi kwenye ya kwanza.

Kuhusu maneno, hapo nakukatalia kidogo. Unasema una ya vitabuni na ya vichochoroni. Na yale ya mkekani je? Kabla hujakijua chuo cha uuguzi ulikaa madrasa ukafundishwa tohara, hedhi, nifasi, janaba, na mwalimu hakupepesa macho. Siku ya kwanza mlichekeana, ya pili mkaandika. Tumefundishwa kwamba Ummu Sulaym alipomwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kuuliza kuhusu mwanamke anayeota ndoto za utu uzima, alitanguliza kusema kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya mbele ya haki. Kisha akauliza. Na ulipoolewa, somo wako alikuficha nini? Kule ndani, na udi unafuka, yalisemwa yote, na hakuna aliyeona ametukanwa. Maneno unayo: unyumba, kuingia mwezini, kutokwa na maji yenye harufu, njia ya uzazi. Yamekaa kwenye kanga, hayajavaa sare.

Pengine ungeketi na mwanamke mmoja wa makamo anayefunda wari, ukasikiliza anavyopita kwenye mambo mazito bila kukwaruza. Chukua lugha yake. Zile dawa zake za kukausha na kubana mwachie mwenyewe, zinachubua na kufungulia maradhi njia. Wala usimpelekee habari ya mgonjwa hata mmoja, hata bila jina. Kijijini kwenu jina hujitafuta lenyewe.

Sasa binti.

Lile "Umeolewa?" sote tumelitumia, na nimelifikiria sana tangu barua yako ifike. Kadhi analihitaji jibu lake, na karani wa ndoa pia. Muuguzi limsaidie nini? Wapo walioolewa wenye maambukizi waliyoletewa nyumbani, na klamidia, maradhi ya zinaa, kwa wanawake wengi haina dalili yoyote mpaka ifike kwenye mirija. Baya zaidi, kwa mtoto wa Lamu swali hilo linabeba onyo: sema hapana, na baada ya hapana usiwe na la kusema. Naamini alikuja mara tatu kwa sababu alikuwa anatafuta swali jingine.

Jaribu kulifanya la wote. "Kila mwanamke anayeumwa chini ya kitovu namuuliza haya, mke wa mtu na mtoto wa mtu." Kisha hedhi ya mwisho, kisha uchafu, kisha, sauti ikiwa chini, "Kuna mwanamume mnayekutana naye?" Na kipimo cha mimba, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huja na tumbo la chini, na hiyo huua. Kwa miaka 19 yeye ni mtu mzima. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya huduma za afya, ya uzazi ikiwemo, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inailinda siri yake. Mama yake hana ruhusa ya kusoma faili, wala shangazi anayefagia zahanati.

Unasema hugeuza uso mkikutana, nawe unasoma hasira. Huenda ni hasira, ana haki nayo. Lakini huenda pia anaogopa kwamba wewe unajua, na wewe ni wa pale pale. Kumsimamisha njiani umwombe radhi kutawaambia wote wanaopita kuna jambo. Ujumbe wa simu husomwa na wengi. Sina njia safi ya kukupa. Ninachokiona ni kwamba anahitaji kujua siri yake haijatoka kwako, hata kabla ya radhi, na kama yule mwanamume aliyemwambukiza alipata dawa, kwani asipotibiwa huyo, binti ataugua tena. Labda kuna mwenzako aliyemhudumia huko alikolazwa anayeweza kumfuatilia. Labda atakuja mwenyewe kwa homa tu, siku moja. Au hatakuja kwako kamwe, na hilo utalibeba.

Hilo linanileta kwenye habari ya Malindi. Mimi ndiko ninakokaa, nikuambie ukweli: Waamu tele, Wabajuni tele. Wiki ya kwanza utampima mjukuu wa jirani ya mama mkwe. Hata hivyo sitalibeza ulilolisema. Uso mgeni humfungua mgonjwa, na humfungua muuguzi pia. Kuna watu wanaopanda boti hadi Mokowe, kisha gari mpaka huku, ili tu wahudumiwe na asiyewajua kwao. Lakini basi igeuze: kama ndivyo, yule wa Malindi atakayekaa mahali pako naye ni mgeni kijijini kwenu. Kwa binti, huenda huyo ndiye rahisi. Kwa Ami, sijui kama atamwambia mgeni habari ya kulala kama mgeni. Na ulimi wako utapanda boti pamoja nawe. Kuna wauguzi waliohamia mbali na bado wanaandika dawa ya minyoo.

Kuondoka kwa sababu umechoka hakukufanyi mkimbizi. Kubaki kwa sababu unajilaumu nako hakukufanyi mtu mwema. Ningependa tu kujua umebakiwa na Alhamisi ngapi kabla ya mwezi kwisha, maana hata moja ingekuonyesha kama kinachokuziba ni kijiji au ni mazoea. Na mama yako, ukienda, nani atakuwa naye? Hukuandika.

Jambo moja umelipita haraka. Yule mama wa mipira, wewe umeamua kwamba ni yeye aliyeyatoa, au kwamba kosa lilikuwa mdomo wako. Mimi nalitazama benchi. Mliongea nyuma ya pazia, na nje ya pazia walikaa watu sita bila kazi. Kwa miaka miwili umejinyamazisha kwa kosa ambalo huenda ni la mbao nne na kitambaa.

Kabla ya Alhamisi lihamisheni benchi, lipelekeni upande wa pili wa ukuta kwenye kivuli, na kama kuna redio iwekeni karibu nao. Ni kazi ya watu wawili.

Mshauri wako, Malindi